Mafaili ya Baba Yamepata Kwao

Ghorofa ya pili, juu ya saluni,
Mtaa wa nyuma ya soko.
Jumapili, tarehe kumi na saba, mwezi wa nane.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na nyingine hii ni ya wajukuu zako, ambao nimewasimamisha hapa mezani waitamke mmoja mmoja huku naandika, nisije nikakuletea salamu za kubuni.

Hujambo huko ugenini? Magoti yanasemaje? Yule daktari aliyekukataza kupanda ngazi umemsikiliza, au umemwitikia kwa adabu kisha ukapanda zako juu kuanika nguo? Nakujua, Shangazi. Wewe na marehemu Baba mlizaliwa na sikio moja la kusikia na jingine la pambo.

Sisi huku wazima kabisa. Mume wangu bado ni fundi umeme wa mji mzima, na taa ya jikoni kwangu bado inapepesa kama mtu anayenikonyeza. Nikimwambia, ananijibu ataitazama wikiendi. Wikiendi gani, hasemi. Saluni inakwenda vizuri, nasuka mpaka vidole vinakataa kushika kijiko. Na usiulize kama sauti yangu imepungua. Ulinipa mwenyewe jina la Kengele, na kengele haizeeki.

Mama naye mzima. Alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na sasa anaona mpaka anakera. Juzi ameona vumbi juu ya kabati langu, na mimi nilikuwa sina habari kwamba kabati lina juu. Anakusalimu sana. Amesema nikuandikie, nisikupigie simu, na sababu yake utaiona mbele huko. Kwa hiyo vuta kiti, maana barua hii ni ndefu na mimi kufupisha siwezi.

Nilikwambia kwamba mwenye nyumba aliyempangisha Baba miaka yote amefariki, na mwanawe anataka kuibomoa nyumba ajenge maduka. Ndiyo hivyo, wakili wa ardhi amekufa mpangaji. Watu walimcheka hata mbele ya uso wake, naye akawa anawajibu kwamba ukinunua kiwanja unanunua na majirani, na yeye majirani wa wenzake walikuwa wanamtosha. Basi yule kijana, si mtu mbaya, alimpa Mama nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa saba.

Mimi nikasema afadhali. Kwangu pana chumba, aje tukae pamoja. Shangazi, sikuwa nalala vizuri. Mwanamke wa umri ule, peke yake, ngazi za nyuma zimeoza, akiteleza nani atamsikia? Nikamwambia, na bila kubembelezwa sana akakubali. Lakini akaweka sharti moja. Alisema hatoki mle ndani mpaka mafaili ya Baba yapate kwao.

Wewe hukuwahi kukiona chumba cha mbele kilivyokuwa miaka ya mwisho. Baba alipofunga ofisi ya mjini alihamishia kila kitu pale. Na kesi zake unazijua, hakushika nyingine ila za ardhi: mipaka, urithi, viwanja vilivyouzwa kwa watu wawili, njia zilizozibwa, ua uliohama wenyewe wakati jirani amesafiri. Mafaili yalipanda kuta tatu mpaka darini, mengine yakakaa sakafuni kwa mafungu, na katikati ya mafungu kulikuwa na vijia vya kupita mguu mmoja mmoja. Mama alizoea kusema kwamba aliolewa na mtu mmoja akajikuta anaishi na wateja wote.

Nani angeyachukua? Kwangu hayaingii hata tukilala wima. Mnunuzi wa karatasi chakavu alishapita akayapima kwa macho, akauliza kama na rafu nazo zinauzwa. Mama alimfungia mlango akiwa bado anaongea.

Ndipo akatokea dada mmoja kutoka maktaba ya chuo kikuu, mhifadhi wa nyaraka za zamani. Mwembamba, ana miwani, na ana tabia ya kunusa karatasi kabla ya kuisoma. Mama akampa jina papo hapo: Daktari wa Karatasi. Siku hiyo mimi sikuwepo, nasimulia nilivyohadithiwa. Alizunguka muda mrefu, akapiga magoti sakafuni, akauliza kama mafaili yale aliyaweka marehemu mwenyewe vile vile yalivyo. Mama akamwomba radhi kwa fujo. Yule dada akasema tafadhali asiguse kitu chochote mpaka atakaporudi na kamera. Mama akacheka sana, kwa sababu maneno hayo alikuwa anaambiwa tangu alipoolewa.

Hapo hapo siku ya jicho ikafika. Mama akaja kwangu na bandeji yake, mimi nina foleni ya vichwa saluni, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Kaka.

Kaka huyu mwanao unamjua. Mhasibu, Bwana Mahesabu wetu, mtu anayepanga soksi zake kwa rangi. Alichukua likizo akasema atamfanyia Mama jambo la kumfurahisha. Akanunua maboksi mapya, akajifunga kitambaa puani, akashusha faili moja baada ya jingine, akayapanga yote kwa majina ya wateja, A mpaka Z, kila herufi na karatasi yake ya rangi. Siku tunamrudisha Mama, alitufungulia mlango kama mtu anayefungua duka jipya.

Na kwa kweli kilipendeza. Nisiwe mnafiki, mimi nilipiga makofi. Sakafu ilionekana, na ilikuwa nyekundu, jambo ambalo mimi niliyekulia pale sikulijua. Mama akasimama mlangoni na jicho lake jipya, akasema kwanza alidhani tumekosea nyumba. Kisha akamshukuru mwanawe, akaenda jikoni, akakaa huko.

Daktari wa Karatasi akarudi na kamera yake wiki ile ile. Aliingia. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu nyekundu, kamera mapajani. Kaka akaanza kumweleza utaratibu wa rangi. Mimi nikamvuta shati.

Akatueleza, na hapo ndipo tulipopigwa na butwaa sote. Baba hakuwa na fujo. Chumba kile kilikuwa ramani. Mafaili aliyapanga kama ardhi yenyewe ilivyolala. Ya watu wa mtoni yalikaa upande wa dirisha, ya watu wa mlimani yalikaa juu darini, ya watu wa karibu na soko yalikaa sakafuni, na vile vijia tulivyokuwa tunapita kwa kunyata ndivyo vilivyokuwa barabara. Aliyepakana na mwenzake huko nje alipakana naye na mle ndani. Kwenye kingo nne za kila faili aliandika kwa penseli majirani wanne wa mteja, juu, chini, kulia na kushoto. Mteja alipoingia, Baba hakuomba hati kwanza. Alimuuliza umepakana na nani, akamkalisha hapo penye watu wake.

Unaona mwenyewe balaa lilipo. Majirani wale aliwaandika kwa majina ya mtaani: Mzee Koti, Bibi Mabata, Mrefu wa Kwanza, Mrefu wa Pili. Kaka naye amepanga kwa majina ya vyeti. Ukishika faili unaona limepakana na Mrefu wa Pili, sasa huyo Mrefu yuko boksi gani kati ya herufi zote zile? Na warefu mji huu ni wengi.

Kaka aliuliza kama kuna ubaya wowote, maana karatasi hazijapotea hata moja. Yule dada akamjibu kwa upole kwamba kesi zenyewe nakala zake ziko mahakamani. Wakubwa zake walikubali kuyachukua mafaili ya Baba kwa sababu ya mpangilio ule, ambao hawajauona kwa wakili mwingine yeyote. Bila huo, hana la kuwaambia. Alisema hivyo huku anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Basi, Shangazi, nikaona mambo yote yanaporomoka. Maktaba haiyachukui, Mama hatoki, na kijana wa watu ameshaleta wapimaji wanapigapiga kuta. Kaka alikosa hamu ya kula. Alikunywa chai isiyo na sukari mpaka ikaisha, hakugundua. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, maneno nilikuwa nayo mdomoni tayari, lakini nilipomwona vile nikayameza.

Aliyetutoa hapo ni Mama. Yule dada alishasema tangu mwanzo kwamba lazima wateja wenyewe, au watoto wao, watie sahihi ya kukubali karatasi zao ziende maktaba. Mama akasema, kama ni lazima waje, waje wote siku moja, na wakija watuambie nani ni nani na kila mtu kapakana na nani. Yeye aliona jambo jepesi tu. Daktari wa Karatasi alimtazama, akaanza kucheka taratibu, akasimama.

Kupeleka habari ilikuwa kazi ya Fundi Saa. Ni yule mzee mwenye kibanda cha kutengeneza saa ng'ambo ya barabara, mteja wa Baba wa siku nyingi. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni mji mzima umeshalijua, na wewe mwenyewe unahadithiwa likiwa limekolezwa chumvi.

Jumamosi ile, Shangazi, ulikosa. Uani palijaa. Walikuja wazee kwa mikongojo, walikuja watoto wa waliokufa, alikuja bibi mmoja ambaye hakuwa mteja kabisa, alisema aliona watu wanaingia. Tuliazima viti mpaka vikaisha, waliobaki wakakalia ndoo. Kaka alisimama mlangoni akiita jina la cheti, halafu watu wanabishana ni nani huyo, mpaka mmoja anapiga kelele kwamba kumbe ni Mzee Koti, na Mzee Koti mwenyewe anashangaa kusikia jina lake.

Kila mtu akapewa faili lake alishike. Daktari wa Karatasi akasema bomba la maji ndilo soko, ukuta wa nyuma ni mlima, kamba ya kuanikia ni mto, sasa kila mtu akasimame kwake. Weee! Watu wazima wale walianza kusukumana kama watoto wa shule. Huyu anamwambia yule amemkanyagia shamba, yule anamwambia asogee kidogo maana hapo ni njia ya ng'ombe tangu enzi. Mrefu wa Kwanza na Mrefu wa Pili wakagombana nani yuko juu ya nani. Mtu mmoja alisimama katikati ya mto na hakutaka kutoka, akadai mto ndio uliohama. Mimi nilicheka nikashika ukuta, mbavu sina.

Ila kuna walionitia wasiwasi. Fundi Saa amepakana na Mama Maziwa, yule mama anayepitisha maziwa mitaani kila asubuhi. Kesi yao ilikuwa ya kipande ambacho kuku wawili hawapishani, na ilikula miaka. Baba alimtetea Fundi Saa, wakashindwa. Kesi iliyofuata, Mama Maziwa akaja kwa Baba mwenyewe, akasema wakili aliyemsumbua kiasi kile heri awe wake. Lakini kwa Fundi Saa hakusema neno tangu hukumu. Alikuwa anapita na madumu yake mbele ya kibanda kila siku ya Mungu, shingo ameigeuza upande wa pili.

Sasa walisimama bega kwa bega, kila mmoja amekumbatia faili. Ua wote ukageuka kuwatazama. Mama Maziwa akatazama chini, akasema bila kumwangalia mtu kwamba kuna viatu vya watu viko upande wake. Na kweli vilikuwepo, ncha tu. Fundi Saa akatazama viatu vyake, akakuna kidevu, akarudi nyuma nusu hatua.

"Haya, chukua," akasema. "Lakini mwandike hapo kwamba safari hii nimetoa mwenyewe."

Mama Maziwa alijaribu kununa, hakuweza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, na ua mzima ukapasuka. Yule dada aliandika kweli, nilimwona. Baadaye walichangia kiti kimoja kwa zamu, na wakaanza kugombana upya kuhusu jambo jingine, jambo ambalo ni afya.

Kwa waliokufa bila mtu, majirani walisema mahali pao, tukaweka faili juu ya tofali. Machache hayakujulikana na yeyote, hayo tukayaweka kwenye beseni, na Daktari wa Karatasi akasema beseni nalo litaandikwa. Mimi nilitoa nyuzi zangu za kusukia za rangi zote, tukayafunga mafaili mstari kwa mstari, mtoni nyekundu, mlimani kahawia, sokoni zambarau, ili hata yakipakiwa kwenye gari yasichanganyike. Yule dada alipanda juu ya tangi la maji akapiga picha, sote tunamshikia ngazi. Yaani sasa kuna nyaraka za historia chuo kikuu zimesukwa na mimi. Nimewaambia wateja wangu wote, na bei nimeifikiria upya.

Wakubwa wa maktaba wakakubali. Gari likaja, likapakia kwa utaratibu, Kaka amesimama pembeni mikono mfukoni kwa sababu tulimkataza asiguse. Mafaili yakapata kwao. Sharti la Mama likatimia, nami nikaenda nyumbani nikatandika kitanda chake shuka mpya.

Sasa sikiliza hili. Siku ya kuhama nikaja na pikapu. Nikamkuta Mama amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba cha mbele, chumba kitupu, mizigo yake hata haijafungwa. Akasema kesho. Nikarudi kesho yake, akasema labda keshokutwa, ana nguo hazijakauka. Nguo gani, Shangazi, kamba niliiona haina kitu. Siku ya tatu kijana mwenye nyumba yuko nje na mafundi wake, kwa adabu, anatazama saa. Na mimi damu ikanichemka. Nilipandisha sauti. Nilimwambia karatasi zimeondoka, Baba ameondoka, sasa anamlinda nani mle ndani, au ni kwamba hataki kuishi na mimi?

Hakukasirika. Aliniambia nikae, nikakaa sakafuni maana kiti kilikuwa kimoja.

"Mwanangu, watu bado wanakuja," akasema. "Wa mbali, ambao hawana habari. Wanabisha hodi wanamuulizia, na mimi ndiye ninayewaambia. Wanalia, nawapa maji, halafu kila mmoja ananihadithia jambo lake moja ambalo mimi mkewe sikulijua. Nikiondoka, watabisha kwenye maduka."

Mimi Kengele nikashusha sauti. Miaka miwili nadhani analinda karatasi, kumbe alikuwa anangoja hodi. Nilimshika miguu nikalia, naye akanipangusa na khanga yake huku ananiambia nisilie kwa sauti, mafundi wanasikia.

Nikatoka nje kupoza uso, na Fundi Saa alikuwa ameshavuka barabara, maana kelele zangu zilimfikia. Nikamweleza. Akasema jambo dogo kama hilo ndilo la kulilia? Kibanda chake hakibomolewi. Anakaa anatazama mlango ule tangu asubuhi mpaka jioni, na mtu anayemtafuta wakili anamjua tu kwa anavyosimama. Atawaelekeza kwangu. Mama Maziwa alikuwa anapita, akatua madumu, akasema yeye naye atawaelekeza, tena vizuri zaidi, kwa sababu Fundi Saa atawapitisha njia ya kinyozi, ambayo ni ndefu. Wakaanza. Tuliwaacha wanabishana njia, tukafunga mizigo, na Mama akapanda pikapu akiwa anatabasamu.

Kwa hiyo yuko hapa. Ana kitanda chake cha dirishani, amenipangia jiko langu upya, na mume wangu amelitengeneza kabati langu lililokuwa linaegemea ukuta, kwa hofu ya jicho la kulia. Nalala usingizi mzito, Shangazi. Alhamdulillahi na Bwana asifiwe, nashukuru kwa kila njia.

Na jana hodi ikaja.

Alikuwa mzee mmoja mfuga nyuki, wa mbali kweli, viatu vimejaa vumbi. Alikuja na chupa ya asali kumsalimia wakili, Fundi Saa akamleta mwenyewe mpaka mlangoni. Mama alimkaribisha akamwambia. Mzee wa watu alilia, akaomba radhi kwa kulia, akanywa maji. Halafu akasema kesi yake yeye alishindwa. Nikashangaa, asali ya nini sasa? Akasema siku ya hukumu watu wote waliondoka, Baba akamwambia waende wakalione shamba. Wakalizunguka lote, mpakani mpakani, polepole, shamba ambalo si lake tena. Akamuuliza Baba faida yake nini. Naandika alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza:

"Akaniambia, nilipokuwa mdogo nilikuwa naogopa sana kupotea. Dada yangu akawa ananishika mkono kila jioni tunazunguka shamba letu lote, ananiambia hapa ni kwetu, hapa si kwetu, mpaka naweza kufumba macho nikajua nilipo. Ndiyo kazi yangu yote hii, akasema. Nawashika watu mkono tu, kama alivyonishika mimi. Dada yangu yuko mbali sasa, lakini mimi sijapotea tena tangu siku zile."

Mama alikuwa hajui. Mimi nilikuwa sijui. Hakutuambia hata siku moja, lakini mfuga nyuki aliyeshindwa kesi alimwambia.

Shangazi, najua hukuweza kufika kumzika. Najua ulilia kwenye simu ukasema hukuwepo kumshika mkono mdogo wako. Ndiyo maana Mama amekataa simu, akasema simu inapita na upepo, hili ulishike mkononi uweze kulisoma tena. Mkono ulimshika, Shangazi. Ulimshika mapema, na hakuuachia.

Sasa niache, machozi yanaharibu wino na wajukuu zako wananitazama.

Msalimie mkweo na utani wake, msalimie binamu yangu daktari wa meno na mkewe, mbusu yule mchanga ambaye bado tunamjua kwa picha. Jirani yako mpishi mwambie nimepokea salamu zake. Wanakusalimu Kaka Bwana Mahesabu, ambaye sasa hashiki kitu cha mtu bila kuuliza, mume wangu, watoto wote, na Fundi Saa, ambaye hakujui lakini amesema nimwandike. Wifi yako amekuwekea nusu ya asali, na kila anayepita karibu na chupa anaangaliwa.

Mungu akupe afya ya magoti na ya moyo, akulaze salama na kukuamsha salama, na siku akitufungulia njia, uje tukuzungushe mji huu wote kwa mkono.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa sauti kubwa,
Kengele